Kazi Iliyo Mkononi



Kila mwaka, tarehe 1 Mei, Mama Kanisa hutuwekea mbele ya macho yetu fundi mmoja wa Nazareti. Sikukuu hiyo ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi iliwekwa na Baba Mtakatifu Pio XII mwaka 1955. Wengi wetu twaifahamu zaidi kuwa siku ya mapumziko na maandamano. Hayo ni mema; walakini yafaa kila mmoja ajiulize pia swali moja akiwa nyumbani kwake: Je, kazi niifanyayo kila siku naifanya kwa moyo, au mikono iko hapa na macho yaitazama nyingine?

Maana ugonjwa wa wengi ndio huo. Karani ataka kuwa mkubwa wa ofisi. Mwenye duka dogo aona haya mbele ya mwenye duka kubwa. Kijana aliyemaliza shule akaa miaka miwili akingoja barua ya kuitwa kazini, na jembe la baba yake limeegemea ukutani. Mama wa nyumbani akiulizwa afanya kazi gani, hujibu, "Sina kazi," naye ameamka kabla ya jogoo. Wote hao hudhani ya kuwa maisha yao ya kweli bado hayajaanza.

Nami nilikuwa mmoja wao. Nilipoanza ualimu nilipewa darasa la kwanza, hali moyoni nilitamani kufundisha wakubwa. Nikafundisha kwa kinyongo, nikingoja uhamisho. Jioni moja nikisahihisha madaftari, niliona ya kuwa mtoto mmoja alikuwa akiandika "d" mahali pa "b" kwa muda wa mwezi mzima, na chini ya kila ukurasa palikuwa na alama ya vema, kwa mkono wangu mwenyewe. Mtoto yule alikuwa na mwalimu kwa jina tu. Niliona haya. Kesho yake niliketi karibu naye, tukaiandika herufi ile pamoja mpaka ikakaa sawa. Uhamisho haukuja mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Lakini tangu siku ile sikuungojea tena kama mfungwa angojavyo kufunguliwa.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Mwaka 1844, huko Vals katika nchi ya Ufaransa, vijana wa Shirika la Yesu walikuwa wakisomea upadre. Walisikia habari za misioni za mbali, mioyo yao ikawaka, nayo masomo wakayaona mzigo. Tarehe 3 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mlezi wao wa roho, Padre François-Xavier Gautrelet, aliwafundisha wasingoje kuvuka bahari ndipo wawe mitume. Na wawe mitume palepale walipo, kwa kumtolea Mungu masomo, sala na taabu zao za kila siku kwa ajili ya wokovu wa watu. Hapo ndipo ulipozaliwa Utume wa Sala, ulioeneza pote desturi ya kumtolea Mungu siku nzima kila asubuhi.

Nayo kazi ndogo yaweza kuwa sadaka kwa sababu kazi si adhabu. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, chatueleza ya kuwa Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza, kabla dhambi haijaingia duniani. Jasho na miiba vilikuja baadaye. Heshima ya kazi ilikuwapo tangu mwanzo. Bwana Wetu Yesu Kristu mwenyewe alikuwa na umri wa miaka ipatayo 30 alipoanza kuhubiri, na watu wa kwao walimjua kuwa seremala tu. Naye Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake *Laborem Exercens* wa mwaka 1981, alifundisha ya kuwa thamani ya kazi yatoka kwanza kwa mtu aifanyaye, si katika aina ya kazi. Basi afagiaye ofisi na aketiye ofisini wana heshima moja.

Lakini mtu asiyageuze mafundisho haya kuwa pazia la dhuluma. Tajiri asimwambie mtumishi wake amtolee Mungu njaa yake. Papa Leo XIII, katika waraka *Rerum Novarum* wa mwaka 1891, alisema wazi ya kuwa kumnyima mfanyakazi ujira wake ni dhambi kubwa imliliayo Mungu. Kuridhika si kulala. Kijana na atafute kazi iliyo bora, na mfanyakazi adai haki yake. Walakini wakati atafutapo ya kesho, ya leo asiitupe. Mchagua jembe si mkulima.

Tufanye nini, basi? Kwanza, asubuhi, kabla ya kushika chombo chochote, tumtolee Mungu kazi ya siku ile, hata ile tusiyoipenda. Pili, kila mmoja achague jambo moja dogo alilozoea kulifanya ovyo, alifanye vema, ajapokosa wa kumsifu. Tatu, jioni, wakati wa chakula, baba, mama na watoto waulizane: Leo kazi yangu imemfaa nani? Hapo kazi ya mama nayo itajwe: maji, kuni, chakula, mtoto mgonjwa aliyekesha naye. Mume amshukuru mbele ya watoto, ili asiseme tena ya kuwa hana kazi.

Katika Injili hatusomi hata neno moja lililotoka kinywani mwa Mtakatifu Yosefu. Twasoma tu ya kuwa aliamka, akafanya aliloagizwa. Atuombee tuipende kazi iliyo mkononi, na ndani yake tumwone Mungu aliyetupa.