Ndege ya Mbao Iliyokuwa Nyepesi Mno

Mwezi wa Oktoba 1940 ndege za Waitaliano zilidondosha mabomu hapa Malindi. Kwenye mkutano wa chama tuliulizana: ndege kama zile zingezuiwa na nini? Mimi nikaruka na jibu, "Ndege nyepesi, basi!" Mwalimu akanituma nikasome kwanza. Nimesoma, na leo nakiri mbele yenu kwamba nilikosea.

Funzo langu ni Caudron C.714 ya Ufaransa. Asili yake ni ndege za mashindano zilizobuniwa na Marcel Riffard. Mojawapo, C.460, ilivunja rekodi mwaka 1934 kwa mwendo wa kilomita 505 kwa saa. Mwaka 1936 rubani Michel Détroyat akashinda nayo mbio kubwa kule Los Angeles, Marekani.

Wafaransa wakawaza: vita vyanukia na ndege hazitoshi, mbona tusiunde ya kivita kwa mtindo huu? Mbao zapatikana, bei ni nafuu, na kuiunda ni upesi. C.714 ikaruka mara ya kwanza mwaka 1938, ikiwa na bunduki nne za rashasha.

Sasa tatizo li wapi? Ndege ya mashindano hubeba rubani na mafuta tu. Ya vita huongezewa bunduki na risasi. Lakini hii, ili ibaki nyepesi, ilipewa injini ndogo ya Renault yenye nguvu za farasi 500 hivi, ilhali ile Hurricane ya Waingereza ilikuwa na 1,000 hivi. Ikienda sawa ilifika kilomita 460 kwa saa. Kupanda juu, ilijikokota: mita 4,000 iliziendea karibu dakika 10. Adui hamngojei mtu!

Juni 1940, marubani wa Poland waliokimbilia Ufaransa walipigana nayo. Iliamriwa iondolewe, lakini hawakuwa na nyingine. Waliangusha ndege za Wajerumani, na wenzao kadhaa hawakurudi.

Nilipomhadithia mjomba wangu, fundi wa ngalawa, hakushangaa. Aliweka tezo chini akasema, "Mjomba, ukizidi kuchonga utabaki na jina la chombo."

Basi wenzangu, wepesi ni mzuri, mradi chombo kina nguvu za kuibeba kazi yake. Wahenga walisema, rahisi ghali. Na aliyeilipa ghali hiyo si mnunuzi, ni rubani.