Kobe na kasuku mkahawani

SWALI: Daktari, nimefungua mkahawa hapa Keroka. Kijana mmoja ataka kuniuzia kobe wawili wenye madoa na kasuku wa kijivu ili wateja wapige nao picha. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, dada. Usimlipe. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kuwafuga bila kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS. Kasuku wa kijivu ndiye mwenye kesi nzito zaidi: mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, zilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini.

Tuseme kibali unacho. Kobe mwenye madoa ni wa nyika kavu, na joto la mwili hulipata juani. Keroka kuna mvua na baridi. Akikaa kwenye saruji yenye unyevu, mapafu huugua polepole, na kwa kuwa halalamiki, wateja watamwita mpole. Kila akibebwa akavuta kichwa ndani ya gamba, hiyo ni hofu. Kasuku naye, akikosa wenzake na kunyimwa usingizi na muziki wenu, huweza kujinyonyoa manyoya mpaka kifua kibaki kitupu.

Halafu wewe wauza chakula! Kobe hubeba vijidudu vya salmonela bila kuugua. Mtoto humpapasa, kisha hushika chapati.

Waarifu KWS. Ukiwa tayari umewapokea, usiwaachilie porini mwenyewe. Wateja wanaotaka kuona wanyama waende hifadhi ya Impala, Kisumu. Mezani weka kobe wa mawe waliochongwa Tabaka, Kisii. Wachongaji wa huko wanahitaji soko.