Vitufe vya Mwangaza na Wi-Fi Vikigoma kwenye Ubuntu, Usikimbilie Kununua Kibodi

Wakazi wengi wanaonunua vipakatalishi vya ex-UK huweka Ubuntu, mfumo endeshi wa programu huria usiolipiwa leseni. Baada ya siku mbili tatu, kitufe cha mwangaza kinakataa, au Wi-Fi inazimika na haiwaki tena. Kwa anayetuma ombi la kazi au zabuni mtandaoni siku ya mwisho, hilo si jambo dogo. Kisha fundi anapendekeza kibodi mpya, hali kibodi yenyewe ni nzima.

Anza na kufuli la Fn. Vitufe F1 hadi F12 vina kazi mbili kila kimoja, na Fn ndiyo huamua ipi ifanyike. Kwenye Dell na ThinkPad nyingi, Fn pamoja na Esc hubadilisha mpangilio huo. HP nyingi huuficha ndani ya BIOS: washa mashine ukibonyeza F10, kisha utafute Action Keys Mode.

Wi-Fi ina njia yake. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja ili terminali ifunguke, kisha uandike:

sudo rfkill list

Ukiona "Soft blocked: yes", programu ndiyo imeifunga, andika sudo rfkill unblock all nayo itafunguka. "Hard blocked: yes" ni habari nyingine. Hapo amri ya rfkill unblock haitasaidia, kwa hivyo kagua ubavuni mwa mashine kama kuna swichi ndogo, au bonyeza kitufe chenye alama ya ndege au mnara.

Mwangaza ndio husumbua zaidi. Kwanza hakikisha kama mashine inasikia kitufe:

sudo apt install evtest
sudo evtest

Utapata orodha ya vifaa, kila kimoja na nambari yake. Wengi huchagua kibodi, hawaoni kitu, wakaamini kitufe kimekufa. Lakini kwenye mashine nyingi vitufe vya mwangaza havipitii kibodi. Hupitia kifaa kiitwacho Video Bus, au chenye jina kama HP WMI hotkeys au ThinkPad Extra Buttons. Jaribu vyote, kimoja baada ya kingine, ukitoka kwa Ctrl na C. Ukiona KEY_BRIGHTNESSUP, kitufe kinafanya kazi. Kasoro iko kwenye njia ambayo mfumo unatumia kuifikia taa ya skrini.

Njia hiyo hubadilishwa wakati wa kuwasha, na ni vyema kujaribu kwanza bila kuhifadhi chochote. Mashine ikianza kuwaka, bonyeza Esc mara moja, au ushikilie Shift kwa mashine za zamani, hadi menyu ya GRUB itokee. (Ukibonyeza Esc kupita kiasi utajikuta kwenye skrini nyeusi yenye neno grub, zima uanze upya, hakuna kilichoharibika.) Bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, acha nafasi, uongeze acpi_backlight=native kisha ubonyeze F10. Ikikataa, rudia ukitumia vendor badala ya native. Mabadiliko haya hufutika ukizima mashine.

Likikubali, lifanye la kudumu. Fungua faili kwa sudo nano /etc/default/grub, uongeze maneno yale yale ndani ya alama za kunukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT bila kufuta yaliyomo, uhifadhi, kisha uandike sudo update-grub na uwashe mashine upya.

Ikiwa evtest haikuonyesha kitu kwa kifaa chochote, na kitufe hicho hicho kimekufa hata kikitumika kama F ya kawaida, sasa fundi anaweza kuzungumzia kibodi.

Na kwa ambaye hajanunua bado: beba flashi yenye Ubuntu dukani, washa mashine kupitia flashi hiyo na uchague kujaribu bila kusakinisha. Bonyeza safu nzima ya juu, mwangaza, sauti na Wi-Fi, kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa.