MAFUTA YA BREKI KATIKA MOTOKAA KUUKUU ZA JESHI

Jeep ya Willys iliyotumika katika vita vya 1939–1945, na Land Rover iliyoanza kuundwa mwaka 1948, ni motokaa za nguvu, na wako watu wazitumiao hata leo. Lakini nguvu ya kupanda mlima haifai kitu ikiwa motokaa haiwezi kusimama wakati wa kuteremka. Basi, msomaji, tuangalie mafuta ya breki.

Ukikanyaga pedali, mafuta husukumwa katika mabomba membamba mpaka silinda za magurudumu, na breki hushika. Mafuta hayashindiliki, ndiyo maana yafaa kazi hii; mvuke hushindilika. Mafuta ya kawaida, yaani DOT 3 na DOT 4, hunywa maji ya hewani polepole. DOT 3 mpya haichemki kabla ya joto la digrii 205 za Sentigredi. Ikiisha kunywa maji yaweza kuchemka kwa digrii 140 tu. Ukiteremka Mai Mahiu na mzigo wa magunia, huku umekanyaga breki muda mrefu, mafuta ya namna hiyo yaweza kugeuka mvuke, na pedali ikazama bila breki kushika.

Basi uchague mafuta gani?

1. DOT 4 yatosha kwa motokaa nyingi, nayo hustahimili moto kupita DOT 3. Mafuta haya mawili yaweza kuchanganywa. Yabadili kila baada ya miaka 2. Usiyamwage juu ya rangi ya motokaa, kwani huibambua.

2. DOT 5 ni ya silikoni. Hainywi maji, kwa hiyo yafaa motokaa inayokaa sana bila kutumika. Jeshi la Marekani lilianza kuitumia katika miaka ya 1980. Usiichanganye kamwe na DOT 3 wala DOT 4. Ukitaka kuitumia, kwanza toa mafuta yote ya zamani, safisha mabomba kwa spiriti, na utie mipira mipya katika silinda. Angalia pia: DOT 5.1 si silikoni. Ni ndugu ya DOT 4.

3. Usitie kamwe mafuta ya injini wala ya trakta, hata kidogo. Mipira ya silinda itavimba na kuharibika.

Kama hujui mafuta yaliyomo, tia matone machache katika glasi ya maji. Yakichanganyika na maji, ni ya jamaa ya DOT 3 na DOT 4. Yasipochanganyika, ni silikoni, au mtu ametia mafuta yasiyofaa. Hapo mwite fundi kabla ya kuongeza chochote.

Ukiisha kubadili mafuta, toa hewa yote katika mabomba, kisha jaribu breki mahali tambarare. Pedali ikiwa laini kama sponji, hewa ingalimo. Usiende mlimani siku hiyo. Breki mbovu haimdhuru dereva peke yake. Walio nyuma juu ya magunia nao wanamtegemea.