Kutoka Sampuli hadi Desibeli

Sauti ni kupanda na kushuka kwa kanieneo ya hewa. Utando wa maikrofoni hutikisika nayo, na mtikisiko huo hugeuzwa kuwa umeme. Kompyuta huupima umeme huo mfululizo; katika CD ni mara 44,100 kila sekunde. Kila kipimo ni sampuli, na kwa biti 16 huwa namba kati ya −32,768 na 32,767.

Tuchukue sampuli nne: 1000, 7000, −1000 na −7000. Wastani wake ni sifuri, maana chanya na hasi zimefutana, ilhali sauti ipo. Kwa hiyo tunazidisha kila namba kwa yenyewe: tunapata milioni 1, 49, 1 na 49. Jumla ni milioni 100, wastani milioni 25, na kipeuo chake cha pili ni 5000. Hatua hii inafanya zaidi ya kuondoa hasi. Nguvu ya wimbi hukua kwa mraba wa kimo chake, hivyo wastani wa miraba ndio unaoipima nguvu hiyo.

Kwa nini basi tuingize logi ili kupata desibeli? Kati ya sauti hafifu kabisa tunayoweza kuisikia na ile inayoumiza sikio, kanieneo hutofautiana takriban mara milioni moja. Logi huufupisha upana huo. Desibeli ni logi ya uwiano wa nguvu mara 10. Na kwa kuwa nguvu ni mraba wa kimo, tukitumia kimo tunazidisha kwa 20.

Gawanya 5000 kwa 32,768: 0.1526. Logi yake ni −0.816, mara 20, ni kama −16.3. Ni hasi kwa sababu tumelinganisha na kilele cha mfumo. Kimo kikipungua nusu, desibeli hushuka takriban 6.

Je, chumbani kulikuwa na kelele kiasi gani? Namba hiyo peke yake haisemi. Mnong'ono ulio karibu na maikrofoni na ngoma iliyo mbali vinaweza kutoa sampuli zinazolingana. Lazima kwanza maikrofoni isikilizishwe sauti inayojulikana, kwa mfano ya paskali 1, yaani desibeli 94 ikilinganishwa na sauti hafifu kabisa tunayoweza kuisikia. Ikisomeka −20, tunajua kila kipimo kiongezwe 114, mradi mipangilio ya kurekodia isiguswe. Sauti yetu itakuwa desibeli 97.7.

Desibeli ni ulinganisho daima. Anayetaja kiwango cha kelele ataje pia amekilinganisha na nini.