Mafuta ya Mbegu na Mashine ya Kusagia

Mkulima wa Borabu, ukiona mashine yako ya kusagia inatoa moshi mweusi, ujue dizeli haiungui yote. Fedha yako inapaa angani. Mwaka 1900, huko Paris, injini ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hata hivyo usimimine mafuta mabichi ya mbegu katika tangi. Ni mazito mno: nozeli haiwezi kuyarusha kama ukungu, basi masizi huganda ndani na injini huharibika. Katika vyuo vikuu, wataalamu huyachanganya na methanoli na magadi makali. Glisarini huzama chini, na mafuta yanayobaki huwa mepesi, tena hutoa masizi kidogo. Kazi hiyo usiijaribu jikoni, kwani methanoli ni sumu na hushika moto upesi. Wewe safisha chujio la hewa, umwite fundi apime nozeli.