SOMO: BARUA YA YEREMIA NA TELEFONE YETU

Kusoma: Yeremia 29, mstari 1 mpaka 9, tena 24 mpaka 32.

Leo tunataka kuangalia ginsi neno linavyosafiri, kwa sababu paruasi yetu ina grupu ya WhatsApp, na tumekwisha kuona mema yake na ubaya wake.

Yeremia alikuwa Yerusalema, na ndugu zake walikuwa wamechukuliwa mateka Babeli. Hakuweza kusema nao uso kwa uso, akaandika barua. Basi si zambi kutumia chombo cha kupeleka neno mbali. Vijana wetu walioenda Kolwezi kutafuta kazi wanasikiliza mafundisho kwa telefone, na mgonjwa anaombewa siku ileile. Lakini tazameni mstari wa 3. Waliobeba barua wametajwa kwa majina: Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Mtu wa Babeli aliweza kuuliza nani ameandika na nani ameleta, naye akapata jibu.

Tena barua ile haikupendeza watu. Hanania (sura ya 28) alikuwa ametabiri kwamba yote yatarudishwa kisha miaka 2. Yeremia aliandika miaka 70, na ya kwamba wajenge nyumba huko na kuzaa watoto. Neno tamu linakimbia mbio kuliko neno la kweli, hata pasipo telefone.

Sasa tuje kwa Shemaya. Yeye alituma barua toka Babeli, akimlaumu kuhani Zefania kwa kuwa hakumfunga Yeremia kama mwenye wazimu. Zefania alifanya nini? Mstari wa 29: aliichukua barua akaisoma mbele ya Yeremia mwenyewe. Alienda kwa yule aliyesemwa ndani yake. Tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi tulianguka.

Usiku mmoja odio iliingia katika grupu yetu. Sauti ya mwanaume tusiyemjua ilisema ameonyeshwa kwamba katika kanisa kuna mama mzee muuza makala, na kwamba yeye ndiye anayefunga watoto. Haikutaja jina, wala mji, wala kanisa. Juu yake kulikuwa na mishale miwili, maana yake imekwisha kupitishwa mara tano ao zaidi tangu yule aliyeianzisha. Labda ilitoka mbali sana. Lakini katika paruasi yetu kuna mama mzee muuza makala. Asubuhi watu wote walikuwa nayo, na wamoja wetu, sisi mashemasi, tuliituma pia, tukiandika chini yake: tuombe. Tulifikiri kuandika «tuombe» kunatosha kutusafisha.

Juma lile hakuna aliyenunua makala yake. Watoto walikatazwa kupita mlangoni pake. Yenga mbili hakuonekana katika sala. Tulipoenda nyumbani kwake kuomba msamaha, hakulia wala hakutukana. Alituuliza tu: «Wanangu, nani alisema?» Tukakosa jibu.

Wengine watauliza kama tunazimisha Roho. Hapana. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14, 29, anataka manabii wawili ao watatu waseme na wengine wapime. Kupima kunataka mwenye kusema awe mbele yetu, tuone maisha yake na matunda yake. Odio haipimwi namna hiyo. Hata wakati Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi Nkamba, Aprili 1921, yeye aliyekufa katika kifungo hapa mjini petu, Elisabethville ya wakati ule, tarehe 12 Oktoba 1951, habari yake ilipita kinywa kwa kinywa, na waliosikia walitembea kwa miguu kwenda kujionea.

Serikali nayo inaangalia. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshitaki mtoto kuwa mulozi, na sheria ya mambo ya intaneti ya mwaka 2023 inapatiliza yule anayeanzisha uongo juu ya mtu na yule anayeupitisha. Lakini tungekuwa tumekosa hata pasipo sheria hizo.

Basi wazee wamekata hivi: tangu sasa wasimamizi peke yao ndio watakaotuma katika grupu kubwa. Odio ya mafundisho isipite dakika tano, kwa sababu mega ni feza, na wamama wengi hawana. Mwenye kutuma ataje jina lake na paruasi yake mwanzoni. Picha ya mgonjwa haitawekwa kama yeye hakuruhusu. Ndoto na maono hayataingia kamwe kabla ya kusikilizwa na wazee. Na kama yanamgusa mtu, wazee wataenda kwanza kwake, kama Zefania.

Matangazo yote yataendelea kusomwa kwa mdomo kisha sala. Tangu tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi karibu siku 20, na waliotegemea telefone tu hawakujua hata matanga ya jirani.

Yule mama amerudi katika sala. Anaketi karibu na mlango. Anayetaka makala amuone pale, anauza kama zamani.